Katika Kumtafuta Mkosaji wa Uzee

Juu ya kila figo ya mwanadamu imekaa tezi ndogo ya rangi ya manjano, iitwayo adrenali, uzito wake gramu chache tu, na katika ganda la tezi hiyo, kwenye tabaka lake la ndani kabisa, hutengenezwa homoni yenye tabia ya ajabu, kwa kuwa kiasi chake huonekana kwenda sambamba na umri wa mtu. Mtoto aliye tumboni huwa nayo kwa wingi. Akiisha kuzaliwa hupungua karibu ya kutoweka. Afikapo miaka sita hadi minane huanza kupanda tena. Hufika kileleni kijana akiwa na miaka ishirini na kitu. Na baada ya hapo hushuka polepole, mwaka hata mwaka, mpaka shaibu wa miaka 80 anakuwa amebakiwa na fungu moja, au mafungu mawili, katika kumi ya aliyokuwa nayo wakati wa ujana wake. Jina lake ni refu, dehidroepiandrosteroni, na madaktari wamelifupisha kwa herufi nne, DHEA.

Atazamaye mchoro wa kushuka huko, hasa ikiwa mwenyewe amekwisha kuvuka hamsini, ni vigumu asiwaze kwamba hapo ndipo ilipo mali iliyopotea, na kwamba ikirejeshwa kwa kidonge kimoja kila asubuhi, basi na magoti yatarejea, na usingizi utarejea, na yale mengine ambayo wazee huyataja kwa kicheko wakiwa peke yao. Wazo hilo limevaa joho la utabibu, lakini chini ya joho mna akida, nayo ni kwamba uzee ni upungufu, na kila upungufu una kilichoondoka, na kila kilichoondoka chaweza kuletwa. Akida hiyo ndiyo niliyokusudia kuijadili, na nitaijadili nikiwa Bugarama, mahali ambapo homoni yenyewe haijulikani kwa jina, lakini akida yake inajulikana sana.

Bugarama ni kata ya Halmashauri ya Msalala, wilayani Kahama, jirani na mgodi wa Bulyanhulu, ambako wachimbaji wadogo waliondolewa mwezi wa Agosti 1996, kampuni ya Barrick ikauchukua mgodi mwaka 1999, na dhahabu ikaanza kutolewa kwa mitambo mwaka 2001 kutoka kina kirefu chini ya ardhi. Nje ya uzio wa mgodi mkubwa maisha ya dhahabu yanaendelea kwa namna ya zamani: yako maduara, yaani mashimo ya kuchimbia, yaliyoshikizwa kwa matimba, yako makarasha yanayosaga mawe tangu alfajiri, iko mialo ambako unga wa mawe huoshwa na dhahabu yake kukamatwa kwa zebaki. Nilisimama karibu na karasha moja nikimtazama kijana akimimina kiroba cha mawe. Vumbi lilikuwa limemkaa juu ya kope, nyusi na ndevu kwa weupe mmoja, hata mwenziwe aliyekuja na kiroba kingine akamwamkia kwa dhihaka, "Shikamoo babu," naye akaitika "Marahaba" kwa sauti nzito ya kujitia uzee, na wote wakacheka, kisha wakaendelea kulipumua vumbi lile lile.

Mzaha ule ulikuwa na ukweli kuliko walivyokusudia. Mtu wa maduarani akitimiza miaka arobaini huitwa mzee, wala haitwi hivyo kwa heshima peke yake. Pumzi yake imekuwa fupi, mgongo umeota sugu ya viroba, na ikiwa amechoma zebaki kwa miaka mingi pasipo kifuniko, mikono yaweza kuwa imeanza kutetema. Na siku ya mnada, kando ya mitumba, mchele na kamba za kufungia ng'ombe, hukosi kumwona muuza dawa mwenye kipaza sauti kilichofungwa juu ya pikipiki, sauti iliyorekodiwa ikirudia orodha isiyobadilika: kiuno, magoti, ganzi, kuchoka, kusahau, kukojoa mara kwa mara usiku, nguvu za kiume. Isikilize orodha hiyo kwa mara ya pili, nawe utaona kwamba haikutaja ugonjwa hata mmoja. Imeueleza uzee, kiungo baada ya kiungo, kwa ufasaha ambao mhubiri angeuonea wivu, kisha ikautangazia bei.

Lakini nchi hii ya Usukuma imeujua uzee katika hali iliyo kali kuliko ya mnadani. Mwanamke aliyepika miaka hamsini juu ya mafiga matatu, ndani ya jiko lisilo na dirisha, akichochea miti ya pamba na samadi iliyokaushwa kwa sababu kuni zimekuwa mbali, macho yake huwa mekundu, na wekundu huo, ambao kila aliyewahi kuinamia moto wa samadi anajua umetoka wapi, ulifanywa kuwa ushahidi wa uchawi. Mtoto amekufa, ng'ombe wamekufa, duara halitoi kitu: mganga hutazamiwa ataje jina, na jina aghalabu lilikuwa la ajuza mjane aliyekaa peke yake ukingoni mwa kijiji, naye akauawa kwa panga. Mwanazuoni Simeon Mesaki aliyachunguza mauaji hayo kwa kina katika tasnifu yake ya mwaka 1993, na ripoti za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu zilizofuata miaka mingi baadaye bado zilikuwa zikiwahesabu wazee waliouawa kwa mamia. Hapana shaka kwamba mara nyingi nyuma ya neno uchawi lilijificha shamba, na nyuma ya mganga alijificha mrithi mwenye haraka. Hata hivyo, mrithi asingefaulu kama majirani wasingekuwa tayari kuamini kwamba mtu hadumu hivyo bure, na kwamba miaka ya ziada ya ajuza lazima iwe imechukuliwa mahali, imenyonywa kwa mtoto wa fulani.

Sisemi kwamba muuza vidonge ni ndugu wa mwenye panga. Baina yao pana damu, na damu haina mizani. Nasema kwamba swali lao la kwanza ni moja, nalo ni: nani amefanya hivi? Wote wawili hawakubali kwamba uzee waweza kuja wenyewe, pasipo mwizi na pasipo upungufu, kama ulivyokuja utoto na kama ulivyokuja ubaleghe. Mmoja humtafuta mkosaji katika nyumba ya jirani, mwingine humtafuta katika tezi iliyo juu ya figo.

Historia ya utafutaji huo wa pili ni ndefu, na sehemu yake ya kupendeza inamhusu mtu wa bahari yetu. Charles-Édouard Brown-Séquard alizaliwa Port Louis, katika kisiwa cha Morisi, mwaka 1817, akasomea utabibu Paris, na mwaka 1856 akaonyesha kwa majaribio ya wanyama kwamba kiumbe kilichoondolewa tezi zile mbili za juu ya figo hakiishi. Hiyo ilikuwa elimu safi. Miaka 33 baadaye, mwaka 1889, akiwa shaibu wa miaka 72, alisimama mbele ya wanazuoni wenzake wa Paris akawatangazia kwamba amejidunga sindano za maji yaliyotolewa katika korodani za mbwa na za simbilisi, na kwamba nguvu zake zimemrudia, ngazi anazipanda upesi, na kazi za usiku anazimudu tena. Wachunguzi wa baadaye wanakubaliana kwamba dawa ile haikuweza kuwa na nguvu hata chembe, kwani homoni inayotafutwa haitoki kwa maji. Kilichompandisha ngazi kilikuwa tumaini. Alifariki mwaka 1894. Namtaja bila kumcheka, kwa maana mtu yule yule aliyekuwa na macho makali alipomtazama mnyama alipoteza ukali wake alipojitazama mwenyewe, na hali hiyo haikumhusu yeye peke yake.

DHEA yenyewe ilipatikana mwaka 1934, Adolf Butenandt alipoitenga kutoka katika mkojo, na mwaka 1960 Mfaransa Étienne-Émile Baulieu akabainisha kwamba tezi za adrenali ndizo zinazoitoa kwa wingi katika sura yake ya salfati. Nchini Marekani idara ya dawa iliizuia isiuzwe madukani mwaka 1985, lakini sheria ya mwaka 1994 juu ya virutubisho vya chakula ikaifungulia mlango, na tangu hapo imekuwa ikipangwa rafuni pamoja na vitamini, ikinunuliwa na watu ambao hawajawahi kuambiwa na daktari yeyote kwamba wanaugua. Wengine waliiita chemchemi ya ujana. Walikuwa wamesikia majaribio ya panya, wala hawakusimama kufikiri kwamba panya kwa maumbile yake ana kiasi kidogo mno cha homoni hii katika damu, hata kumjaza nayo ni kumpa kitu kigeni, wala si kumrudishia chake.

Baulieu hakutaka neno liishie hewani. Mwaka 2000 yeye na wenzake walitangaza matokeo ya kuwapa watu 280 wenye siha, wa umri wa miaka 60 hadi 79, miligramu 50 kila siku kwa mwaka mzima, nusu yao wakipewa kidonge kitupu pasipo wao kujua. Wakakuta nafuu kidogo katika ngozi, na katika mifupa na hamu ya ndoa ya baadhi ya wanawake waliovuka sabini, wala hawakukuta ujana. Mwaka 2006 madaktari wa kliniki ya Mayo, huko Marekani, walitangaza jaribio la miaka miwili kwa wanaume 87 na wanawake 57: homoni katika damu ilipanda mpaka kiwango cha vijana, kama ilivyotarajiwa, na pamoja na kupanda huko nguvu za misuli hazikuzidi, mafuta ya mwili hayakupungua kwa kiasi cha maana, utumiaji wa sukari mwilini haukutengemaa, na wazee walipoulizwa kuhusu raha ya maisha yao hawakuwa na jipya la kusema. Nadhani hukumu hiyo ni nzito kuliko ingekuwa kama kidonge kingeshindwa kupandisha homoni. Kidonge kilifanya kazi yake yote barabara. Damu ilikuwa ya kijana, na mwenye damu akabaki mzee.

Kwa hiyo hujja ya kwamba kipunguacho pamoja na umri ndicho kisababishacho umri imeanguka, walau kwa kitu hiki kimoja. Swali la kuurudisha ujana watu wa fikihi walikuwa wamekwisha kuligusa kupitia mlango mwingine, walipojadili hukumu ya kupaka mvi rangi: hina waliikubali, ama piko jeusi walihitilafiana, na hofu kubwa ya waliolikataza ilikuwa ni udanganyifu, kwamba mwanamume atamposa binti wa watu kwa kichwa kisicho chake. Yawezekana kabisa hofu hiyo ikahamishiwa kwenye damu. Lakini mimi sioni kwamba kumeza homoni kwa mzee ni haramu kwa dhati yake, maadamu mwili ni amana na kuutunza ni wajibu, na Waislamu hupokea katika mafundisho yao kwamba maradhi yana dawa, na mtu ameamrishwa kujitibu. Ila mafundisho hayo hayo huutenga uzee na maradhi yenye dawa. Wengi huusoma utenganisho huo kama habari ya kuvunja moyo; mimi huusoma kama rehema, kwa sababu humpa shaibu hadhi ya mtu ambaye halimpasi kosa la kutopona.

Ipo pia taksiri katika dua zetu wenyewe. Mjukuu akimtumikia babu vizuri huombewa umri mrefu, na harusini huombwa hivyo, na kwenye kila sherehe ya kuzaliwa. Hapana aliyewahi kuitikia amina kwa kinyongo. Basi hapo umeomba nini kama hukuomba uzee? Mwanadamu hutaka aongezewe kurasa za mwisho, lakini ziandikwe mambo ya kurasa za kwanza.

Ibn Sina, aliyeishi baina ya mwaka 980 na 1037, alilipanga jambo hili katika kitabu chake cha utabibu, Kanuni, kwa adabu ambayo utabibu wa leo ungeweza kuiazima. Mwili, kwa maoni yake, una joto la asili na unyevu wa asili, na joto huutumia unyevu mpaka ukaisha; tabibu hakuahidiwa uwezo wa kuzuia mauti, wala wa kumfikisha kila mtu kwenye ukomo wa mbali wa umri wa wanadamu; kilichomo katika mkono wake ni kuuzuia mwili usioze na kuulinda unyevu usikauke kabla ya wakati wake. Elimu yake ya joto na unyevu imekwisha kupitwa, lakini mpaka alioweka ungali umesimama, kwa maana ametenganisha uzee ambao ni haki ya mwili na uharakishaji ambao ni dhuluma kwa mwili. Katika uharakishaji mkosaji yupo, naye anapaswa kutafutwa.

Na hapa Bugarama yupo, hadharani, wala hahitaji ramli. Vumbi la jiwe la dhahabu lina silika, na silika ikiingia katika pafu haitoki. Hulifanya gumu, na hukifungulia mlango kifua kikuu. Moshi wa samadi una mkosaji wake, ambaye ni jiko lisilo na bomba. Zebaki inayochomwa juu ya mkaa, katika kikaango, mbele ya mlango ambapo watoto wanacheza, ina mkosaji wake. Kunyunyiza maji wakati wa kusaga mawe, kuvaa barakoa iliyotengenezwa kwa ajili ya kuzuia vumbi badala ya kitambaa kilichofungwa puani, majiko banifu yenye bomba, kifaa cha kukamata mvuke wa zebaki: mambo haya yote yanajulikana, na baadhi yake gharama yake haifiki bei ya chupa chache za muuza dawa wa mnadani. Linalonishangaza, na kwa kweli linanikera, ni kwamba mahali ambapo uzee umekuja kwa wakati wake watu wamemtafuta mkosaji kwa panga na kwa pochi, ilhali mahali ambapo umeletwa kwa nguvu wamesema ni jaala ya Mungu. Kama kuna kumkufuru Mungu katika habari hizi, basi ni huku kumwandikia Yeye kazi ya karasha.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 imemhesabu mzee kuwa ni aliyetimiza miaka 60, na katika hospitali za serikali lipo dirisha lake na ahadi ya matibabu ya bure. Ni mpango mwema. Lakini kalenda ya maduara haikusoma sera. Mtu wa miaka 45 mwenye pafu la miaka 75 husimama katika foleni ya vijana.

Jambo la kustaajabisha zaidi ni kwamba homoni nyingine za tezi ile ya juu ya figo, au nakala zake zilizotengenezwa viwandani, zimekwisha kuingia katika miji na vijiji vyetu kwa wingi, zikitumiwa na watu wasiojua zimetoka ukoo gani. Krimu za kujichubua zenye klobetasoli na bethamethasoni, ambazo serikali imezipiga marufuku na bado zinachanganywa katika mikorogo, ni za ukoo huo. Vidonge vya prednisoloni na deksamethasoni, ambavyo mtu huuziwa bila cheti kwa ajili ya magoti au kwa ajili ya kunenepa kabla ya harusi, ni vya ukoo huo. Na nguvu yake si ya kubuni: mwaka 1948 Philip Hench alipoanza kuwapa wagonjwa wa baridi yabisi homoni ya ganda la adrenali, walioshindwa kugeuka kitandani walitembea baada ya siku chache, naye akaipokea Tuzo ya Nobel mwaka 1950 pamoja na Edward Kendall na Tadeus Reichstein. Ajuza wa kijijini ambaye amemeza deksamethasoni jioni akaamka anachota maji haongopi anaposema amerudia usichana. Ila akiendelea nayo miezi na miaka bila kusimamiwa, ngozi hukonda ikachanika kwa kuguswa, mifupa hupoteza chokaa, sukari na presha hupanda, na tezi zake mwenyewe, zikiona kazi inafanywa na mgeni, hulala. Hivyo kidonge kilichonunuliwa ili kuufukuza uzee ndicho kilichokwenda kuuita.

Yupo, hata hivyo, mtu mmoja ambaye maneno yangu yote juu ya kuridhika hayamhusu, nami nisingependa ayasikie. Mwaka 1855 Thomas Addison, tabibu wa London, aliwaeleza wagonjwa waliochoka pasipo kufanya kazi, waliokonda, waliozidi weusi wa ngozi, na ambao walipokufa tezi zao za adrenali zilikutwa zimeharibika, katika baadhi yao kwa kifua kikuu. Katika nchi ambazo kifua kikuu hakijatoka, hiyo ingali ni sababu ya kukumbukwa, na mchimbaji aliyevuta silika miaka kumi yuko karibu nayo kuliko watu wengi. Akija katika zahanati akisema amechoka, anapata kizunguzungu anapoinuka, na anatamani chumvi, ni rahisi mno aambiwe kwamba ni kazi, au ni umri, au amerogwa. Huyu amepungukiwa kweli. Kilichoondoka kinajulikana kwa jina, na akirudishiwa ataishi. Dawa iliyo bora kwake, haidrokotisoni ya vidonge, ni adimu katika sehemu kubwa ya Afrika, kwa hiyo aghalabu hupewa prednisoloni, ile ile inayouzwa bila cheti kwa wenye magoti, na huagizwa asiiache hata siku moja, aongeze kipimo akishikwa na homa, na awaambie wenzake wa duarani kwamba wakimkuta ameanguka wasimpeleke kwa mganga kwanza.